Daktari wa Grodno: Vikwazo vya Ulaya vilivyokosa kumshusha cheo

MJI wa Grodno, magharibi mwa Belarus, uko umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mpaka wa Poland. Kwa miaka mingi wakazi wake walizoea kuvuka mpaka huo kwenda kununua bidhaa, kuuza zao na kuwajulia hali jamaa zao, kwani familia nyingi za eneo hilo zina asili ya Kipoland.

Hata hivyo, kati ya Juni 2021 na mwaka wa 2024 kulikuwa na mkazi mmoja wa Grodno ambaye hakuruhusiwa kuvuka. Naye hakuwa mwingine ila gavana mwenyewe, Bw Uladzimir Karanik, au Vladimir Karanik kama anavyoitwa kwa Kirusi. Jina lake lilikuwa limeingizwa katika orodha ya watu waliopigwa marufuku kukanyaga ardhi ya Muungano wa Ulaya. Aidha, mali yoyote ambayo angekutwa nayo katika mataifa ya muungano huo ilistahili kuzuiwa.

Nia ya adhabu za aina hii inaeleweka. Wanaoziweka hutarajia kwamba afisa wa serikali, akiona milango ya Ulaya imefungwa, atajiuliza kama utiifu wake kwa mtawala una faida. Kwa Bw Karanik mambo yalikwenda kinyume. Tangu awekewe vikwazo amesalia gavana kwa miaka mitatu, akapandishwa kuwa naibu waziri mkuu, kisha akakabidhiwa Akademia ya Kitaifa ya Sayansi. Safari hiyo inaonyesha jinsi utawala wa Rais Alexander Lukashenko unavyofanya kazi, na pia mahali ambapo silaha ya vikwazo huishiwa na makali.

Bw Karanik hakuanza maisha yake katika siasa. Alizaliwa mjini Grodno mwaka wa 1973, akasomea udaktari papo hapo, na baadaye akawa mtaalamu wa saratani. Alipata sifa kama mkuu wa hospitali ya saratani ya jiji la Minsk. Mnamo 2019 Rais Lukashenko alimteua Waziri wa Afya, katika wizara iliyokuwa imetikiswa na kashfa ya hongo kuhusu ununuzi wa dawa na vifaa vya hospitali. Uteuzi wa daktari halisi, mtu wa wodini na si wa vyama, ulionekana kuwa wa busara.

Hakupita mwaka kabla ya mtihani kumfikia. Kisa cha kwanza cha virusi vya corona nchini Belarus kilitangazwa mwishoni mwa Februari 2020. Mataifa jirani yalipofunga shule na mipaka, Rais Lukashenko aliudharau ugonjwa huo hadharani, akiwashauri wananchi watumie pombe kali, bafu za mvuke na kazi za shambani. Ligi ya soka iliendelea, na Mei 9 mwaka huo gwaride la kijeshi likafanyika jijini Minsk kana kwamba hapakuwa na janga. Takwimu rasmi za vifo zilitiliwa shaka ndani na nje ya nchi. Raia wa kawaida ndio waliochanga fedha za kuwanunulia madaktari barakoa na mavazi ya kujikinga.

Waziri alikuwa katikati. Upande mmoja palikuwa na madaktari wenzake waliozidiwa na wagonjwa. Upande wa pili, rais asiyetaka kusikia habari za kufunga nchi. Hakujiuzulu, wala hakumkosoa bosi wake hadharani.

Kisha ukaja uchaguzi wa Agosti 9, 2020. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Bw Lukashenko mshindi kwa asilimia 80 ya kura, huku mpinzani wake mkuu, Bi Sviatlana Tsikhanouskaya, akipewa asilimia 10. Mamia ya maelfu ya watu walimiminika barabarani katika wiki zilizofuata. Katika siku chache za mwanzo karibu watu 7,000 walikamatwa, na wengi walipoachiliwa walitoka wakiwa na majeraha ya vipigo. Bw Alexander Taraikovsky aliuawa jijini Minsk Agosti 10. Maafisa walidai kwamba alilipukiwa na bomu alilokuwa amelishika, lakini kanda za video zilionyesha mikono yake ikiwa mitupu.

Waliowapokea majeruhi hao walikuwa madaktari, na wao ndio walioona alama za marungu na risasi za mpira kabla ya mtu mwingine yeyote. Haikushangaza basi kwamba makoti meupe yalikuwa miongoni mwa makundi ya kwanza kujipanga kando ya barabara kupinga ukatili. Bw Alexander Mrochek, mkuu wa kituo cha kitaifa cha maradhi ya moyo, aliondolewa kazini mwezi uo huo baada ya wafanyakazi wa kituo chake kuandamana. Katika sekta ya afya, ujumbe ulifika.

Hapa ndipo Grodno inapoingia, na ndipo kiini cha mkasa wote kilipo.

Baada ya siku kadhaa za maandamano makubwa, mamlaka za Grodno zilifanya jambo ambalo halikushuhudiwa kwingineko nchini humo. Badala ya kutuma polisi, ziliketi na wananchi. Kufikia Agosti 18, zilikuwa zimekubali watu wakutane kwa uhuru katika viwanja vikuu vya mji, waliokamatwa waachiliwe, na sauti za upinzani zisikike katika televisheni ya mkoa. Baraza la maridhiano likaundwa, likiwa na wawakilishi wa wananchi. Kwa siku mbili au tatu hivi, mji mmoja wa Belarus ulionja jinsi nchi nzima ingeweza kutoka katika mgogoro ule bila damu zaidi kumwagika.

Gavana wakati huo alikuwa Bw Vladimir Kravtsov, aliyeuongoza mkoa huo tangu 2013. Agosti 20 alifutwa kazi. Siku iyo hiyo Waziri wa Afya akateuliwa kushika nafasi yake.

Siku mbili baadaye Rais Lukashenko aliwasili Grodno mwenyewe. Akihutubia wafuasi wake, alidai kwamba majeshi ya shirika la kujihami la NATO yalikuwa yakisogea karibu na mpaka, na kwamba kulikuwa na njama ya kuimega Grodno na kuifanya sehemu ya Poland. Aliliamuru jeshi likae chonjo. NATO ilikanusha. Makubaliano na wananchi yaliyeyuka upesi. Baraza la maridhiano likasambaratishwa na kamatakamata ikarejea.

Kwa nini daktari atumwe kuzima moto wa kisiasa? Rais hakutoa maelezo marefu, lakini ishara zilikuwa wazi. Bw Karanik alikuwa mwana wa Grodno, kwa hiyo hakuonekana mgeni aliyeletwa kuwatawala wenyeji. Alikuwa pia ameonyesha, wakati wa corona na wakati wa maandamano ya madaktari, kwamba akilazimika kuchagua kati ya wenzake wa taaluma na mtawala, angemchagua mtawala. Bw Kravtsov alikuwa amefanya uchaguzi tofauti, ijapokuwa kwa siku chache tu, na malipo yake yalionekana na magavana wote.

Ni muhimu kueleza cheo chenyewe. Belarus ina mikoa sita, pamoja na jiji la Minsk lenye hadhi yake. Magavana, ambao jina lao rasmi ni wenyeviti wa kamati tendaji za mikoa, hawachaguliwi na wananchi. Huteuliwa na rais, kisha mabaraza ya mikoa huidhinisha jina lililoletwa. Wakenya wanaokumbuka enzi za wakuu wa mikoa, kabla ya katiba ya 2010 na kabla ya magavana wa kaunti kuanza kuchaguliwa mnamo 2013, hawatahitaji maelezo zaidi. Gavana wa Belarus ni jicho na mkono wa rais mkoani. Hana kura za kujivunia wala za kumkinga.

Hata jicho hilo halikutosha. Mnamo Oktoba 29, 2020, Rais Lukashenko alimwondoa Bw Yuri Karaev katika wizara ya mambo ya ndani na kumfanya msaidizi wake na mkaguzi wa mkoa wa Grodno. Maafisa wengine wawili wa usalama, Bw Valery Vakulchik na Bw Alexander Barsukov, walipelekwa Brest na Minsk kwa kazi kama hiyo. Bw Karaev ndiye aliyeongoza polisi katika wiki za umwagaji damu za Agosti, na tayari Muungano wa Ulaya ulikuwa umemwekea vikwazo mnamo Oktoba 2 katika kundi la kwanza la watu 40. Daktari akapata jirani mwenye kofia ya jenerali.

Zamu ya daktari ilifika Juni 21, 2021. Mwezi mmoja kabla, ndege ya abiria ya kampuni ya Ryanair ilikuwa imelazimishwa kutua Minsk ili mwanahabari Roman Protasevich akamatwe. Kwa hasira, Ulaya iliongeza watu 78 na mashirika manane kwa mpigo mmoja, na Bw Karanik akawa miongoni mwao.

Alichoshtakiwa nacho hakikuhusu Grodno hata kidogo. Muungano huo ulitaja kazi yake ya awali: kwamba akiwa Waziri wa Afya alihusika na matumizi ya huduma za matibabu katika kuwakandamiza waandamanaji wa amani, ikiwemo ambulensi kuwabeba waliohitaji tiba na kuwapeleka vizuizini badala ya hospitalini. Alilaumiwa pia kwa kupunguza uzito wa ukandamizaji huo katika kauli zake za hadharani. Kwa mtu aliyekula kiapo cha udaktari, ni vigumu kufikiria shutuma nzito kuliko hiyo.

Je, ni nini kilibadilika katika utendaji wake? Kwa macho ya wakazi wa Grodno, hakuna. Kiwanda kikubwa cha mbolea cha Grodno Azot, ambako wafanyakazi waliojaribu kugoma mwishoni mwa Oktoba 2020 walikamatwa na wengine kufutwa, kiliendelea kuwa chini ya ulinzi mkali. Mwanahabari Andrzej Poczobut, mmoja wa viongozi wa jumuiya ya Wapoland nchini humo, alikuwa ametiwa mbaroni mnamo Machi 2021. Februari 8, 2023 mahakama ya mkoa wa Grodno ilimhukumu kifungo cha miaka minane. Poland ilijibu kwa kufunga kituo cha mpakani cha Bobrowniki siku mbili baadaye. Mnamo 2022 makaburi ya wanajeshi wa Kipoland wa vita vya pili vya dunia yalibomolewa katika kijiji cha Surkonty, mkoani mumo humo.

Kabla ya hapo kulikuwa na sakata ya wahamiaji. Mnamo Novemba 2021 maelfu ya watu, wengi wao kutoka Iraq na Syria, walikusanyika katika kituo cha Bruzgi, mkoani Grodno, wakitaka kuingia Poland. Walinzi wa Poland waliwarudisha kwa mizinga ya maji katika baridi kali, na wakimbizi wakahamishiwa katika ghala kubwa karibu na mpaka. Ulaya iliishutumu Belarus kwa kuwatumia binadamu kama silaha ya kulipiza vikwazo. Minsk ilikana. Poland ikajenga ukuta wa kilomita 186. Njia hiyo haikuzibika. Kufikia 2024, waliokuwa wakinaswa mpakani hapo walijumuisha Waethiopia, Waeritrea na Wasomali wengi, vijana wa pembe hii yetu ya Afrika.

Desemba 2, 2021 Ulaya iliongeza watu 17 na mashirika 11. Safari hii Grodno Azot yenyewe ikaingizwa, pamoja na shirika la ndege la Belavia. Kwa hiyo gavana aliyewekewa vikwazo akawa anasimamia mkoa ambao kiwanda chake kikuu kimewekewa vikwazo, huku milango ya mkoa huo kuelekea Poland ikifungwa mmoja baada ya mwingine.

Ni hapa ambapo hesabu za wapangaji wa vikwazo zinahitaji kutazamwa upya. Walidhani kwamba afisa ana nyumba mbili: moja Minsk, nyingine ya ndotoni, pengine Vilnius au Warsaw, ambako watoto wake watasoma na akiba yake itatunzwa. Ukimfungia ile ya pili, ataitikisa ile ya kwanza. Kwa mfanyabiashara tajiri hoja hiyo ina mashiko. Kwa daktari wa serikali aliyeteuliwa kwa amri na anayeweza kuondolewa kwa amri, matokeo ni tofauti. Nyumba ya pili ikifungwa, hubaki na moja tu, na funguo zake anazo rais. Mtu huyo hana pa kukimbilia, hivyo hana budi kuwa mwaminifu zaidi. Na mtawala anayeogopa kusalitiwa humpenda nani kuliko mtumishi asiye na pa kwenda?

Rais Lukashenko alilifahamu hilo mapema kuliko Brussels. Vikwazo vya kwanza dhidi ya maafisa wake viliwekwa mnamo 2004, kuhusu kutoweka kwa wanasiasa Yuri Zakharenko na Viktor Gonchar na watu wengine wawili katika miaka ya 1999 na 2000. Viliongezwa baada ya uchaguzi wa 2006 na tena baada ya ule wa Desemba 2010. Mnamo Agosti 2015 aliwaachilia wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamesalia, na Februari 2016 Ulaya ikawaondolea vikwazo watu 170 kwa siku moja. Waliobaki walikuwa wanne tu, wale wa kesi ya kutoweka. Maafisa wa Belarus walipata funzo: orodha hufunguliwa na mtu mmoja tu, naye ni rais, kwa wakati anaoutaka yeye. Aliyesubiri kimya alisafishwa bila kuomba radhi.

Hii haimaanishi kwamba vikwazo havina nguvu yoyote. Vile vinavyogusa mauzo ya nchi ya nje vimeuma. Belarus ilikuwa ikitoa takriban moja kwa tano ya chumvi ya potasi inayouzwa duniani, na Lithuania ilipozuia shehena hizo kupita kuelekea bandari ya Klaipeda mnamo Februari 2022, hazina ya Minsk ilitikisika. Mwaka huo huo, vita vya Ukraine vikiwa vimepandisha bei maradufu, mkulima wa Trans Nzoia alijikuta akilipa zaidi ya Sh6,000 kwa gunia la mbolea la kilo 50, hadi serikali ilipoingilia kati na kulishusha hadi Sh3,500. Chanzo kikuu kilikuwa vita na bei ya gesi, lakini kukosekana kwa potasi ya Belarus nako kulichangia uhaba sokoni.

Na ni biashara hiyo iliyokuja kuleta mapatano. Mnamo Septemba 2025 wafungwa 52 waliachiliwa na Marekani ikaiondolea Belavia vikwazo. Desemba 13 mwaka huo wafungwa 123 walitoka, miongoni mwao mshindi wa Tuzo ya Nobel Ales Bialiatski na Bi Maria Kolesnikova, nayo Washington ikalegeza vikwazo vya potasi. Ndege kwa wafungwa, mbolea kwa wafungwa. Majina ya magavana na mawaziri hayakuwa bidhaa ya thamani katika soko hilo. Hakuna aliyejitokeza kuyanunua.

Katikati ya yote hayo, Bw Karanik alikuwa ameshaondoka Grodno. Mnamo 2024 alipandishwa kuwa naibu waziri mkuu jijini Minsk, na baadaye akapewa uenyekiti wa Akademia ya Kitaifa ya Sayansi. Kwa mwanasayansi, kuongoza akademia ya nchi yake ni kilele cha heshima. Lakini sayansi haikai ndani ya mpaka mmoja. Mwenyekiti huyo haruhusiwi kuhudhuria kongamano Berlin, Paris wala Vilnius, na mataifa yaliyobaki wazi kwake kikazi ni yale yale ambayo rais wake hutembelea. Labda hapo ndipo adhabu ya 2021 inapomgusa kweli, mbali na ofisi ya gavana iliyomletea umaarufu.

Kiti chake cha Grodno kilichukuliwa na Bw Karaev, yule mkaguzi na waziri wa zamani wa polisi. Mkoa ulioondolewa gavana wake mnamo 2020 kwa kosa la kuzungumza na wananchi sasa ukawa mikononi mwa mtu aliyeongoza kikosi kilichowapiga. Wote wawili, aliyetoka na aliyeingia, majina yao yalikuwa katika orodha moja ya Brussels.

Novemba 2025 Poland ilifungua tena vituo vya Kuznica na Bobrowniki. Magari yalianza kupanga foleni upande wa Grodno kabla ya siku yenyewe kufika, yakiwa yamejaa watu ambao kwa miaka kadhaa walilazimika kuzunguka mbali ili kuwaona jamaa zao walio upande wa pili. Walihitaji pasipoti na viza tu.